Siku Niliyozidi kwenye Hesabu ya Jela

Nilifungwa miaka sita, na sitaki mtu ashushe sauti akisoma hapa. Kibera kwetu watu wakitaja jela wanaangalia chini kama wamekanyaga kitu. Mimi naangalia mbele. Tena sikuonewa. Kule ndani kila mtu alionewa: huyu alisingiziwa na shemeji, yule alikuwa anapita njia tu. Mimi nilinunua mbao za wizi, na nilijua ni za wizi, maana aliyeniuzia alikuwa anaongea na mimi huku anaangalia nyuma. Hakimu aliniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia mbao zenyewe zilikuwa nzuri sana, mkavu kabisa mti wake. Akaniongezea mwaka.

Shule niliacha darasa la tatu. Ukikuta sentensi yangu imepinda, inyooshe mwenyewe uendelee. Meza yangu hutaikuta imepinda. Nina karakana Mashimoni, karibu na kibanda cha maji, na ukiingia kanisa lolote upande wetu ukakaa kwenye benchi lisilolia, jua ni langu.

Sasa, kijana wangu wa pili alipata msichana wa Gatina, kule Kawangware. Msichana mzuri, anaongea kama mtu mwenye akili na anacheka kama mtu mwenye afya. Baba yake ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa Kitui kama mimi nilivyo wa Machakos. Huyo mzee amesahihisha madaftari maisha yake yote mpaka sasa anasahihisha hata salamu. Ukimwambia "mambo", anakungoja umalizie.

Siku ya kwanza tulipokwenda kujitambulisha, akaniuliza kabla ya karakana nilikuwa wapi.

"Serikalini," nikasema.

Mke wangu akakohoa. Huyu mama alikuja kuniona jela kila mwezi kwa miaka sita, kwa hiyo alijua serikali ninayosema ni ipi.

"Idara gani?" akauliza mwalimu, amefurahi.

"Useremala."

"Walikupa nyumba?"

"Nyumba kubwa sana. Ukuta wa mawe."

"Na ulinzi ulikuwepo?"

"Ulinzi? Mwalimu, usiseme. Mchana na usiku."

"Mbona basi uliacha?"

"Muda wangu uliisha."

Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Niliamshwa na kengele ya serikali, nikala ugali wa serikali, nikalala kwenye blanketi la serikali, na nilikuwa na namba ya serikali ambayo mpaka leo naikumbuka kuliko ya kitambulisho. Lakini tulipotoka nje mama watoto aliniambia, "Wewe endelea tu. Siku huyo mwalimu atakapojua, kijana wako ataoa benchi."

Nikamuuliza, nani atamwambia?

Kabla sijafika kwa aliyemwambia, wacha niwaeleze hiyo jela, kwa sababu watu huiogopa bila kuijua.

Ni jela ya Mzungu. Mwenye nyumba wangu Mashimoni ni mzee Mnubi, babu yake aliletwa huku na jeshi la Mwingereza, na huyo babu alisimama na bunduki akiwalinda watu waliokuwa wakichonga mawe ya ule ukuta. Waliochonga walikuwa wafungwa. Walilazwa kwenye mahema, wakaambiwa wajenge, na siku waliyomaliza wakaingizwa ndani, geti likafungwa. Mimi kama fundi jambo hilo hunisumbua. Fundi gani anajenga nyumba akijua atafungiwa humo, asijiachie hata jiwe moja linalocheza? Nimelitafuta hilo jiwe kwa macho miaka sita. Hawakuacha. Walikuwa mafundi waaminifu mno, na nina hakika mmoja wao alijuta.

Baadaye mle wakatiwa wale waliokuwa wakidai nchi. Kuna wodi moja ya kulala wafungwa ambamo tulikuwa tunaonyeshwa mistari waliyochora kwa msumari wakihesabu siku zao. Ikipakwa chokaa, mvua mbili tatu inatokeza tena. Uhuru ulipokuja wakabadilisha bendera juu ya geti. Kufuli ilibaki ileile. Nimeiona kwa macho yangu, ufunguo wake ni mrefu kama mwiko wa kupakulia wali.

Mimi nilikuta mambo yamelegezwa kidogo. Magodoro yameanza kuingia, televisheni moja imewekwa juu sana ili usiifikie, na nguo za mistari nyeusi na nyeupe ambazo tuliziita kunguru. Asubuhi uji, kisha kila mtu kazini: wengine shamba, wengine jikoni, wengine kufua, sisi wa mikono mizuri karakana. Juu yetu yuko nyapara, mfungwa mwenzako aliyepewa mamlaka ya kukusumbua. Juu yake afande. Saa kumi jioni, jua bado linawaka, mmefungiwa ndani kama kuku.

Useremala nilifundishwa humo. Nje nilikuwa mpigaji misumari tu. Afande wa karakana alikuwa mzee mkali, haamini msumari. Alisema msumari ni dalili ya uvivu. Alinifundisha kuunganisha mbao kwa meno yaliyochongwa kwenye mbao zenyewe mpaka zinashikana kama ndugu wanaogombania shamba. Mtihani wa serikali wa ufundi niliufanya nikiwa nimevaa kunguru, na cheti nilichopata kimetundikwa karakana yangu. Mteja akiuliza ni chuo gani, namwambia cha bweni.

Lakini ukitaka kuielewa jela, achana na ukuta. Jela ni hesabu. Filimbi ikilia unaacha ulichoshika, unakimbia uwanjani, unachuchumaa. Safu za watano watano, mikono magotini, kichwa chini. Afande anapita na fimbo na karatasi. Huongei. Hupigi chafya. Jumla inapelekwa getini kulinganishwa na ile iliyoandikwa ubaoni. Ikikubali, filimbi inalia mara mbili na maisha yanaendelea. Ikikataa, dunia inasimama. Mgonjwa haendi zahanati, lori la kuni haliingii, na mkuu wa jela mwenyewe na nyota zake haruhusiwi kutoka. Siku moja tulichuchumaa karibu masaa matatu kwa sababu mtu mmoja alipitiwa na usingizi ndani ya pipa la maranda. Alipopatikana tulitamani angekuwa ametoroka, angalau tungemheshimu.

Basi. Mwaka huu nikaletewa barua. Jela inafanya siku ya wazi, wageni wataingia kuona kazi za wafungwa, na wananiomba mimi, "fundi mashuhuri", nije nikague viti na meza za karakana, niseme ipi ni bora. Kijana wa karakana yangu alinisomea. Nikamwambia arudie pale kwenye mashuhuri.

Ubaya ni kwamba siku ile ile, saa nane, tulikuwa tunatakiwa Gatina na mbuzi. Mwalimu alikuwa ameita wazee wake wote. Sisi Wakamba hilo jambo la mbuzi hatulichezei; usipofika, umesema humtaki msichana.

"Chagua moja," mama watoto akasema.

"Naenda asubuhi. Saa sita nimetoka."

"Watu hawatoki huko wakitaka wao. Wewe ndiye wa kuambiwa hilo?"

"Naenda kama mgeni, mama."

Nilivaa suti yangu ya buluu iliyokoza kabisa, ili nikitoka niende Gatina moja kwa moja. Getini nikaacha kitambulisho na simu, ndiyo sheria, nikaandikwa kitabuni. Yule afande wa geti, mtu mnene mwenye masharubu, akaniuliza, "Umewahi kufika hapa, mzee?" Nikamwambia nimewahi kupita.

Ndani nilipokewa vizuri. Afande kijana wa karakana akanizungusha. Nikaonja viti kwa makalio, nikazigonga meza, nikamwambia mfungwa mmoja kabati lake lina mlango unaojuta. Kisha nikaona mtu anapiga randa vibaya, anasukuma kwa mkono badala ya kiuno. Singeweza kupita. Nikaomba koti la kazi nisichafue suti, wakanipa moja refu la kijivu lenye muhuri wa jela mgongoni, nalikumbuka hata harufu yake. Nikaanza kumwonyesha. Afande kijana akasema anakwenda kuwapokea wageni wengine kwenye hema, anarudi sasa hivi. Mimi niko na randa, maranda yanatoka marefu, mazima, kama maganda ya chungwa linalomenywa na mtu asiye na haraka. Nikasahau suti, nikasahau mwalimu, nikasahau mbuzi.

Filimbi ikalia.

Sikuamua kitu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mama watoto mpaka leo anasema nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Niliweka randa chini, nikakimbia uwanjani pamoja na wenzangu, nikaingia safu ya nne, nikachuchumaa, mikono magotini, kichwa chini. Mzee mmoja wa kifungo kirefu aliyekuwa pembeni yangu akaninong'oneza bila kugeuza shingo:

"Mzee, wewe si ndiye mgeni?"

"Nyamaza," nikamwambia, "tunahesabiwa."

Fimbo ikapita juu ya kichwa changu. Nilihesabiwa, na niseme ukweli, nilihesabiwa vizuri. Ilipofika safu za nyuma ndipo akili ikafika ilipokuwa miguu. Nikawaza kusimama, lakini anayesimama katikati ya hesabu anapata cha kumkalisha. Nikangoja.

Karatasi ikaenda getini. Karatasi ikarudi. Sajenti wa zamu akaisoma, akatukodolea macho, akaisoma tena.

"Hesabu imekataa," akasema. "Rudia."

Wakarudia. Wakarudia tena. Nikanyoosha mkono.

"Afande, ni mimi. Mimi nimezidi. Sistahili kuwa hapa."

Uwanja mzima ukatoa sauti ya kicheko kilichobanwa puani.

"Mzee," sajenti akasema kwa upole, "hapa kila mtu hastahili kuwa hapa."

"Mimi ni mgeni."

"Sote duniani ni wageni. Chuchumaa."

Mtu nyuma yangu akasema, "Buda, hiyo story yako ni kali, nitaitumia kwa rufaa." Sajenti akamwambia anyamaze, lakini naye alikuwa anauma mdomo.

Nikavua lile koti suti ionekane. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu sasa wakadhani ni mfungwa aliyepata nguo za raia ili atoroke na wageni. Wakanipeleka ofisini. Wakaniuliza namba, nami, kama mjinga, nikaitamka. Ile. Ilitoka yenyewe, kwa sauti ya juu, na miguu nimeibana pamoja. Karani akaingia stoo akatoka na daftari lenye vumbi, akafungua, na hapo nipo: jina langu, uso wangu na ile namba, nimekodoa macho kama mbuzi aliyeona kisu.

"Huyu ni wetu," karani akasema.

"Soma mpaka mwisho!" nikamwambia. "Imeandikwa niliachiliwa!"

Imeandikwa kweli. Lakini sajenti alikuwa na shida nyingine, na kama mtu wa kazi nilimwelewa. Kwa anayepungua kuna fomu: amekufa, ametoroka, yuko kortini, yuko hospitali. Kwa anayezidi hakuna fomu. Tangu ule ukuta ujengwe hakuna aliyewahi kuingia kwa hiari yake na kuchuchumaa. Ilibidi atafutwe mkuu wa jela huko hemani aseme nini kiandikwe. Na mpaka iandikwe, geti halifunguki, kwa mtu yeyote. Nikamwambia saa nane ninasubiriwa Gatina na watu wenye heshima zao. Akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo.

Wakati huo, getini, simu yangu ilikuwa inalia. Ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Yule afande wa masharubu akachoka, akaichukua. Mazungumzo yao nimeyasikia mara mbili, kwake na kwa mwalimu, na yanalingana neno kwa neno.

"Hallo, geti la jela hapa."

"Namtaka mwenye simu hii. Mimi ni mkwe wake. Amechelewa."

"Huyo yuko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya jela, mzee. Anahesabiwa."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Amezidi tu."

"Amezidi vipi? Ni lini alifika huko?"

Na afande, ambaye ni mtu mkweli, akamwambia, "Mara hii, asubuhi. Mara ile ingine, wacha niulize karani."

Nilitolewa saa tisa na nusu. Mkuu wa jela alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaandika kwa mkono wake kitabuni: "Fundi, amejihesabu kwa bahati mbaya." Nikachukua pikipiki mpaka Gatina, maana niliona nikingoja gari nitalala njiani.

Nilipofika niliwakuta mbuzi wetu watatu wamefungwa kwenye geti la jumba la ghorofa anamokaa mwalimu, wanakula maua ya mpangaji wa chini. Mama watoto yuko mlangoni. Akanipangusa maranda kwenye bega, akasema, "Anajua." Pembeni yake kijana wangu amesimama na uso wa mtu ambaye harusi yake imo mikononi mwa baba mjinga. Huo uso ndio ulioniuma.

Ndani wazee wa pande zote mbili wamekaa, chai imetengeneza ngozi juu. Msichana yuko na mama yake kwenye mlango wa jikoni, leso mkononi. Mwalimu amenyooka kwenye kiti chake. Hakunikaribisha.

"Ulisema ulikuwa serikalini," akaanza.

"Nilikuwa."

"Uliniambia idara ya useremala."

"Nenda kaulize. Daftari lipo."

"Usinichezee!"

Basi nikaacha mchezo. Sikuketi. Nikawaeleza wote, nimesimama, kuanzia zile mbao. Nikasema nilizinunua nikijua. Nikasema sikumficha mwalimu kwa sababu naona aibu ya jela, maana siioni. Nilimficha kwa sababu yeye anasahihisha watu, na niliogopa atamwekea kijana wangu alama ya baba yake. "Kijana hajaiba hata penseli," nikasema. "Mkitaka kukataa mtu, nikataeni mimi, nitakaa nje na mbuzi. Yeye msimkatae."

Mwalimu akaikagua suti yangu kuanzia kola mpaka viatu. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Ni kweli ulichuchumaa?"

"Ndiyo."

"Na hiyo suti?"

"Na suti hii."

Mdomo wake ukacheza. Mke wake kule jikoni akaanza kwanza, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanaruka, kisha wazee, mzee mmoja wa upande wao akamwaga chai. Mwalimu alikuwa wa mwisho kucheka na wa kwanza kuacha. Akagonga meza.

"Kuchelewa nimekusamehe. Mbao ulizimaliza na serikali, sina haki ya kukufunga mara mbili. Lakini mimi ulinidanganya sebuleni kwangu ukinywa chai yangu. Hiyo kesi ni yangu, na nitaihukumu."

"Hukumu," nikasema.

"Binti yangu hatoki hapa mpaka utengeneze kitanda chake. Wewe mwenyewe, si vijana wako. Hapa kwangu, uani, nikikuona. Kila Jumamosi. Bila msumari hata mmoja."

Mbuzi wakapokewa jioni hiyo hiyo. Kijana wangu alinishika mkono hadi nje.

Kwa hiyo sasa natumikia kifungo cha pili. Kila Jumamosi natoka Kibera na vyombo vyangu begani, nafika Gatina saa tatu asubuhi, mwalimu ananifungulia geti na kulifunga nyuma yangu. Anakaa kwenye kigoda na daftari. Anaandika, sijui anaandika nini. Mke wake analeta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa vizuri na maharagwe, chakula ambacho kama jela ingekipika nisingetoka. Naye mwalimu ananiuliza maswali: nyapara alichaguliwaje, yule wa pipa la maranda alifanywa nini, zile wodi mlilala vichwa upande gani. Mtu amefundisha historia miaka yote hiyo na hakuwahi kukutana na mtu aliyetoka ndani yake.

Kitanda kiliisha wiki tatu zilizopita. Mimi najua, na yeye anajua. Nilikitikisa mbele yake, hakikutoa hata pumzi. Akainama, akakishika mguu wa nyuma wa kulia.

"Huu unacheza."

"Hauchezi, mwalimu."

"Nasema unacheza. Fungua, anza upya."

Nilitaka kubisha, na kubisha najua. Kisha nikamwona anaangalia dirisha la jikoni, ambako yule binti alikuwa anaimba huku anaosha sufuria, na alikuwa ameushika ule mguu wa kitanda kama anaushikilia usiondoke. Ana binti mmoja tu.

Nikachukua nyundo ya mti nikaufungua mguu taratibu. Kijana wangu anapiga simu kila jioni, "Baba, kwani hicho kitanda ni meli?" Namwambia anyamaze, fundi hasukumwi. Jumamosi iliyopita mwalimu amegundua kwamba na ule wa kushoto unacheza. Nimemwambia nilikuwa nimeuona.